Presha kuka la umeme haliivishi maharage, jagi limeota ukoko, nyanya zinaoza kitako. Naombeni ushauri

MamaPacha_Kgb
Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana nimechoka kabisa. Huu mwezi wa pili tangu ninunue presha kuka la umeme, lile la lita 6, nilijinyima kweli kulipata maana mkaa umenitesa na mtungi mdogo wa gesi kwa watu saba haumalizi wiki tatu. Kila niliyemuuliza aliniambia maharage dakika 40 tu unafungua yameshalainika. Haya, mimi naloweka tangu usiku, asubuhi naweka, nabonyeza kile kitufe chenye picha ya maharage, likilia nafungua nakuta maharage yanang'aa tu. Narudisha dakika 40 nyingine. Nikifungua ganda limelegea ila ukiliminya harage kwa vidole katikati kuna kiini kigumu kama punje ya mchele mbichi. Jana nimerudisha mara tatu mpaka watoto wamelala na chai na mkate. Nilisoma mita kabla na baada, limekula uniti 1.3 kwa nusu kilo ya maharage ambayo hatukuyala!! Nimelirudisha dukani wakaniambia kitu kikishapikiwa hakirudi.

Na si hilo tu, jagi la umeme nalo siku hizi linachelewa kuchemsha, ndani limeota ukoko mweupe. Halafu nyuma ya nyumba nina viroba kumi na mbili vya nyanya na mchicha, nyanya zinaanza vizuri zikifika saizi ya yai zinaoza kitako, na majani yanaungua pembeni kama yamepitiwa na moto. Najua kila kitu kingetakiwa kuwa na uzi wake ila nimeamua niyatoe yote hapa kwa pamoja. Baba pacha ameshasema turudi kwenye mkaa na mimi sitaki, kifua changu hakitaki moshi.

Fundi_Majiko
Pole sana dada. Kabla ya kulaumu jiko angalia raba ya mfuniko, ile nyeupe inayozunguka kwa ndani. Itoe, ioshe, irudishe uibonyeze kote mpaka ikae kwenye waya wake, ikikaa upande mvuke unatokea pembeni na presha haijengeki hata ukipika mpaka kesho. Ukishafunga subiri kama dakika kumi uangalie kile kipini kidogo cha juu ya mfuniko, kisipopanda jua hakuna presha, hapo unakuwa unachemsha tu kama sufuria ya kawaida. Halafu hicho kidude cha kutolea mvuke kiwe upande wa kufunga. Nimeletewa majiko mengi hayana shida yoyote, raba tu.

dem_wa_Tabata
Nakaa hapa kusubiri majibu, jagi langu nalo hivyohivyo.

MamaPacha_Kgb
Asante kaka fundi, nimefanya kama ulivyosema. Raba imekaa vizuri, kipini kinapanda na mvuke hautoki popote mpaka mwisho. Na nimesahau kusema, makongoro nimepikia humohumo dakika 45 yaliiva mpaka nyama ikaachia mfupa yenyewe. Wali pia unaiva. Ni maharage tu yanayonikataa.

Fundi_Majiko
Basi jiko zima hilo, kama limeivisha makongoro usilipeleke kwa fundi yeyote akakupiga hela ya bure.

Mnyaki_wa_Uyole
Mwanangu hayo maharage yako ni ya mwaka gani? Huko Dar mnauziwa maharage yaliyolala stoo misimu miwili, joto na unyevu vinayakomaza, ukiyaloweka hayanywi maji vizuri na ukiyapika hayalainiki. Ya njano mapya yana rangi ya kuiva kama siagi, ya zamani yanakuwa ya kahawia na ganda limepauka. Muulize muuzaji akupe ya msimu mpya na ununue robo kwanza ujaribu, usikimbilie debe.

Mzee_Ngamiani
Bibie tia magadi. Kipande kama ncha ya kidole gumba kwa nusu kilo, hutasumbuka. Sisi Tanga tumekula hivyo tangu utoto.

nesi_mstaafu
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, magadi yanalainisha kweli, siwezi kubisha, ila yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yale magadi ya mawe ya kutoka kaskazini mengine yana madini mengi ya floridi, ndiyo yanayochangia meno ya watoto wa kule Arusha na Moshi kuwa ya kahawia. Nyumba yenye mapacha wadogo mimi nisingewapa kila siku. Mara moja moja, kidogo, sawa.

Mzee_Ngamiani
Marahaba mwanangu. Hilo la meno nimelisikia, nakubali, yawe kidogo.

Shamba_la_Ndoo
Dada MamaPacha ngoja nikuulize swali moja, unatumia maji gani? Maana nimesoma malalamiko yako yote matatu na naona kama ni jambo moja. Ukifua, sabuni inatoa povu?

MamaPacha_Kgb
Ya kisima kwa jirani. Tupo Kigamboni, kisima kirefu, maji yanaonekana masafi kabisa, ukiyaonja yana ladha ya chumvi kwa mbali. Povu hapana, sabuni inakatika inaelea vipande vipande juu ya maji na nguo nyeupe zinageuka kijivu. Ya kunywa tunanunua. Kwani yanahusianaje na maharage??

Shamba_la_Ndoo
Yanahusiana sana. Hayo ni maji magumu, yana kalsiamu na magnesi nyingi, ndiyo maana sabuni inakatika na ndiyo huo ukoko kwenye jagi. Sasa ndani ya harage chembe zake zimegandishwa pamoja na kitu kinaitwa pektini, ileile inayofanya jemu igande. Kuiva kwa harage ni ile pektini kuyeyuka chembe ziachiane. Ukilipika na maji yenye kalsiamu nyingi, kalsiamu inaingia inaishikilia pektini, ndiyo unapata hicho kiini unachokisema, presha utaijenga ila kiini hakiachii. Nyama haina mambo ya pektini ndiyo maana makongoro yaliiva. Nyanya, ndimu na ukwaju navyo vinafanya hivyohivyo kwa njia yao, uchachu unazuia, ndiyo maana mama zetu wanaunga mwishoni.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Chukua maharage yaleyale, kikombe kimoja loweka na maji ya kisima, kikombe kingine na hayo ya kunywa mnayonunua. Kesho pika kila kikombe na maji yake, dakika zilezile, halafu uje utuambie. Ukitaka kusaidia zaidi tia kijiko cha chai cha chumvi ya mezani kwenye maji ya kulowekea vyote viwili, kisha uimwage kabla ya kupika. Najua tumefundishwa chumvi inakomaza maharage, lakini chumvi ya mezani kwenye kuloweka inalegeza ganda.

Mnyaki_wa_Uyole
Hapo umenena kitu sikukijua. Ila na uzee wa maharage usiutoe, vyote viwili vipo.

Shamba_la_Ndoo
Ni kweli mama, yakiwa ya zamani na maji yakiwa magumu ndiyo balaa kamili.

MamaPacha_Kgb
Wakuu nimerudi, nimekaa siku tatu kwa sababu umeme ulikuwa wa shida na nilitaka nifanye kwa uangalifu. Maharage ya mfuko mmoja, vikombe viwili, chumvi kote. Asubuhi hata kabla ya kupika tofauti niliiona, yale ya maji ya kunywa yamevimba yamejaa, yale ya kisima yapo yaliyovimba na yapo yaliyojikunja ganda limekunjamana kama kidole kilichokaa sana kwenye maji. Nikapika dakika 35, moja baada ya jingine. Ya kisima kiini kipo palepale. Ya maji ya kunywa nilichukua moja nikaliweka kwenye ulimi nikalibana juu, likasagika lenyewe bila jino. Nilikaa chini jikoni nikalia, sioni aibu kusema. Miezi miwili nilijiona sijui kupika, mama mkwe amekuja mara mbili akakuta chakula kibichi, kumbe ni maji.

Sasa swali, ya kununua dumu la lita 20 ni shilingi 500 kwa yule wa mkokoteni anayeleta ya bomba. Nitaweza kweli kupikia yote hayo?

nesi_mstaafu
Pole mwanangu, na hongera. Huhitaji kubadilisha maji ya nyumba nzima. Nusu kilo ya maharage haizidi lita moja na nusu ya kuloweka na lita moja na nusu ya kupikia, dumu moja linakupikia maharage mara sita. Kuoshea vyombo na kudeki endelea na kisima.

dem_wa_Tabata
Na jagi jamani?

Fundi_Majiko
Jagi ni rahisi. Siki nyeupe nusu, maji nusu, jaza mpaka ukoko ufunikwe, chemsha, zima, acha lisaa limoja, mwaga, sugua na kitambaa laini, kisha chemsha maji matupu mara mbili uyamwage. Huna siki kamulia ndimu za kutosha. Msikwangue na kisu wala steli waya, mnaharibu chuma cha ndani. Ule ukoko ukiwa mnene unakaa kama blanketi kati ya moto na maji, ndiyo maana linachelewa na uniti zinaenda. Na kwa mliovuka uniti 75 kwa mwezi mkatolewa kwenye bei ya matumizi madogo, elfu moja sasa inawapa uniti 2.8 hivi badala ya 8.2, kwa hiyo hata hizo dakika chache za jagi zihesabuni.

MamaPacha_Kgb
Sisi tulishavuka kitambo tulipoleta friji. Asante kaka, kesho nanunua siki. Na viroba vyangu mnanisaidiaje?

Shamba_la_Ndoo
Hapa lawama tuihamishe kidogo, kwenye bustani kalsiamu siyo adui, adui ni ile chumvi unayoionja. Mmea unakunywa maji unaiacha chumvi kwenye udongo, kila siku unaongeza, kiroba hakina pa kuitolea. Angalia juu ya udongo kama kuna utandu mweupe na chini kama kuna matundu. Kuungua pembeni mwa majani ni hiyo chumvi. Kuoza kitako siyo ugonjwa wala usinunue dawa, ni tunda kukosa kalsiamu, na mara nyingi udongo unayo ila mmea unashindwa kuivuta kwa sababu ya chumvi au kwa sababu leo umemwagilia sana kesho umesahau. Kiroba kinakauka haraka sana kwenye jua la Dar.

Toboa matundu chini, weka nyasi kavu juu ya udongo, mwagilia jioni kila siku kwa kipimo kilekile. Punguza mbolea ya kuku, nayo ina chumvi yake. Na mvua ikija usiifukuze, vitoe viroba nje vioshwe mpaka maji yatoke chini. Nyanya mbili tatu tu ndiyo uzipe maji mazuri, viroba vingine geuza viwe spinachi, hiyo inaivumilia chumvi kuliko nyanya. Mchicha nao unajitahidi. Karoti na maharage ya kupanda usijaribu kabisa kwa maji hayo.

Mzee_Ngamiani
Mvua ndiyo jibu lenyewe. Mna bati?

MamaPacha_Kgb
Bati lipo babu, upande wa nyuma mita 8 kwa 5 hivi, maji yote yanaishia kwa jirani na tunagombana naye kila masika.

Mzee_Ngamiani
Basi hesabu mwenyewe mjukuu wangu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako ni mita 40, mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ni mvua ya usiku mmoja tu, ni lita 800. Toa zinazorukia pembeni, bado simtanki la lita 1000 linajaa kwa mvua mbili. Maji ya mvua hayana chokaa hata chembe, bibi zenu walikuwa wanayatega kwenye mitungi kwa ajili ya kupikia kunde na mbaazi na walijua wanachofanya.

MamaPacha_Kgb
Jana nimepika ya njano mapya, nilimsikiliza mama wa Uyole, nimeloweka kwa maji ya bomba, dakika 30, mita imesoma uniti 0.4. Nimeunga na nazi nyanya nikaziweka mwisho kabisa. Baba pacha ameongeza mara mbili, halafu akaniuliza gata za mita 8 ni bei gani. Kuna mtu anajua?

Fundi_Majiko
Gata bei zinatofautiana, za plastiki ni nafuu na hazishiki kutu, mwambie shemeji apime vizuri na aweke mwinuko kidogo kuelekea kwenye tanki. Mvua ya kwanza kabisa ya msimu aiache ipite iondoe vumbi na kinyesi cha ndege. Na mdomo wa tanki funga neti ya chandarua cha zamani, mbili kwa pamoja, mbu wasizalie humo.