Kununua kinu cha mawese chenye faini za nyuma: makosa yanamfuata nani?

Chikichi_Simbo: Wakuu, habari za majukumu. Kuna kinu cha mawese kinauzwa huku Simbo, Kigoma, mita kama mia kutoka mto Luiche. Mashine nzima, bei inavutia. Tatizo ni faili: mwenye kinu alishaandikiwa onyo, baadaye akakiri kosa na kulipa faini kwa kumwaga tope (majitaka mazito ya kinu) mtoni. Nikinunua, wakaguzi wakirudi nitahesabiwa mkosaji mpya au sugu? Na makosa ya nyuma yanapandisha faini kwa kiasi gani?

Wakili wa Gungu: Inategemea unanunua nini. Ukinunua hisa za kampuni, mtu wa kisheria ni yuleyule na rekodi yake haifutiki. Ukinunua mashine, jengo na kiwanja tu, makosa ya muuzaji yanabaki kwake. Ila tope likiendelea kuvuja baada ya makabidhiano, hilo ni kosa lako, na "nimekikuta hivyo" si utetezi.

Kuhusu kiasi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliweka kwa kosa la uchafuzi faini isiyopungua sh. milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Rekodi inafanya kazi humo katikati. Mtu akishatiwa hatiani, kabla ya adhabu, mwendesha mashtaka anasoma makosa yake ya awali. Rekodi safi inakusogeza karibu na milioni 3, haikushushi chini ya hapo. Halafu mahakama inaweza kukubebesha gharama za kusafisha, na hizo ndizo zinazofilisi watu.

Mwanga_Kati: Marekani wameliandika wazi zaidi. Sheria yao ya Maji Safi inamtaka jaji, anapopanga faini ya madai (isiyo ya jinai), apime historia ya makosa, uzito wa kosa, faida aliyopata mchafuzi kwa kukwepa gharama, na juhudi za kweli za kujirekebisha. Kwa jinai, uchafuzi wa uzembe ni dola 2,500 hadi 25,000 kwa siku. Ukitiwa hatiani tena, kikomo kinapanda hadi 50,000. Kwa siku, siyo kwa kesi!

Chikichi_Simbo: Asante. Na onyo tupu, lina uzito wowote?

Wakili wa Gungu: Onyo si hukumu, mkuu. Lakini linakuondolea neno "sikujua". Kukiri kwa maandishi ni kuzito zaidi, kwa sababu sahihi ya mkosaji imo kwenye faili. Dai nakala ya kila onyo, amri na risiti kabla hujatoa hata shilingi, na uzuie sehemu ya bei mpaka amri zote ziwe zimetekelezwa. Uliza pia kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, hapo hapo Kigoma mjini, kiko kwa jina la nani.

Fundi Sampuli: Karatasi sawa, ila pima maji kwanza. Tope la mawese hutoka la moto, pH 4 hadi 5, na BOD (kipimo cha oksijeni ambayo uchafu unaila majini) inaweza kufika mg 25,000 kwa lita. Kiwango kinachoruhusiwa kutiririshwa ni BOD mg 30, pH 6.5 hadi 8.5, mafuta mg 10. Kishimo kimoja nyuma ya kinu hakiwezi kushusha hayo. Unahitaji mtego wa mafuta wenye vyumba, bomba la kutokea likiwa na kiwiko kinachochota chini ya utando wa mafuta, halafu mabwawa yanayofuatana. Mtego usipozolewa mara kwa mara, mafuta yanapita yote bwawani.

Chukua sampuli sehemu tatu: kwenye bomba, mtoni juu ya kinu, na mtoni chini yake. Ile ya juu ndiyo itakayokutetea kama uchafu unatoka kwa jirani. Ya mafuta weka kwenye chupa ya kioo. Ukitumia chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, mafuta yanagandia plastiki na majibu yanatoka mazuri ya uongo. Ya BOD ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 24. Na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambazo sheria inataka ziachwe wazi, pimia kwenye bwawa la mwisho, siyo kwenye mashine.

Chikichi_Simbo: Nimepimiwa kwa futi jioni hii. Bwawa la mwisho liko mita 41 kutoka ukingoni.

Wakili wa Gungu: Basi gharama ya kulihamisha itoke kwenye bei yake. Akikataa, achana nacho.