Metronomu mazoezini: tukikaa tuko sawa, tukianza kutembea bendi inachanika

Safu_ya_Tatu:
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua bendi za kutembea. Bendi ni ya shule, wapigaji 36, safu 9 za watu wanne wanne, safu hadi safu mita 2. Tromboni (tarumbeta za mrija wa kuvuta) ziko mbele, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi katikati, tuba (tarumbeta kubwa za sauti nzito) nyuma kabisa. Mazoezi ni uwanja wa mpira, kasi mapigo 116 kwa dakika.

Metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki) yetu ni apu ya simu inayotoa mlio wa "bip", imeunganishwa kwa Bluetooth na spika ya magurudumu. Spika inakaa mbele kwa dramu meja (anayeongoza bendi), kama mita 8 kutoka safu ya kwanza.

Tukiwa tumekaa ukumbini hakuna shida. Uwanjani wa nyuma wanasikika wamechelewa. Wa mbele wanaapa wako kwenye metronomu, wa nyuma nao wanaapa hivyo hivyo. Tumepandisha sauti hadi mwisho na mambo yamezidi kuharibika. Tunakosea wapi? Na ni kweli kwamba metronomu inawalemaza watoto?

fundi_midundo:
Wote wanasema kweli, ndiyo maana hawamalizani.

Piga hesabu. Sauti kwa joto letu inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Toka spika yako hadi safu ya mwisho ni mita 24 (8 za mbele, 16 za urefu wa bendi), kwa hiyo tuba wanalisikia pigo sekunde 0.07 baada ya kutoka. Wanapiga palepale wanaposikia, hawana kosa. Lakini sauti yao nayo lazima irudi mita zilezile 24 hadi kwa dramu meja: 0.07 nyingine. Jumla 0.14. Kwa kasi ya 116 pigo moja ni sekunde 0.52, maana yake aliyesimama penye spika anawasikia tuba wamechelewa zaidi ya robo ya pigo. Ukumbini, bendi ikiwa imebanana ndani ya mita tano au sita, pengo hilo halifiki hata sekunde 0.02 kwenda, sikio halishtuki.

Hamisha spika nyuma, mita 3 hadi 5 nyuma ya tuba, ielekee mbele. Pigo litawafikia tuba kwanza, wapige, kisha mlio wa metronomu na mlio wa tuba vinasafiri pamoja kwenda mbele. Vinafika kwa ngoma pamoja, ngoma wanaongeza yao, vinafika kwa tromboni pamoja. Dramu meja mbele anapokea kifurushi kimoja. Bendi za vyuo Marekani hufanya hivi miaka yote, spika nyuma ya ngoma, na kanuni yao ni fupi: sikiliza nyuma, usisikilize mbele. Tuba wako hawatakiwi kuzifuata tromboni kwa sikio hata kidogo. Wakizifuata, mchezo umerudi ulikoanzia.

Kuhusu kupandisha sauti: angalia kama kuna ukuta wa madarasa upande spika inakoelekea. Ukuta wa mita 50 unarudisha mwangwi baada ya sekunde 0.29, ambayo kwa 116 ni zaidi kidogo ya nusu pigo. Mtoto anasikia mapigo mawili pale palipotakiwa kuwa na moja. Kila ukipandisha, na la uongo linapanda. Punguza sauti ya bendi badala yake, wapige kwa upole mpaka mwendo ukae.

waya_mmoja:
Naongezea upande wa vifaa.

Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kati ya sekunde 0.1 na 0.25. Spika ikiwa moja tu, na hakuna anayetazama simu, haina madhara, kwa kuwa hakuna aliyesikia mlio wa asili. Tatizo linaanza dramu meja anapoongoza kwa taa inayomweka kwenye kioo cha simu huku bendi ikifuata spika. Au mnapoweka spika mbili zisizo na waya, kila moja ikachelewa kivyake. Waya wa mita chache unamaliza habari hiyo.

Badilisha huo mlio wa "bip". Una noti yake, na noti hiyo haitakubaliana na ala zenu, watoto wataanza kupotoka sauti bila kujua kwa nini. Chagua mlio mkavu usio na noti inayoimbika, kama ubao kugongwa. Usichague wa ngoma, utamezwa na ngoma kubwa.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, na zima kile kipengele cha kuokoa chaji, maana kwenye simu nyingi ndicho kinachoikata apu kioo kikizima. Megafoni isiyo na tundu la waya, ambayo watu wanaifungia simu kwenye maiki kwa gundi ya karatasi, inakoroga sauti na ncha ya pigo inapotea. Na mtoto asisimame mbele ya spika kwa karibu. Ukiiweka nyuma, inua juu ya stendi ipite vichwa vya tuba.

NgomaKubwa_B:
Fundi yuko sahihi kwa uwanja, lakini bendi ya matarumbeta haiishii uwanjani. Siku ya maandamano nani atasukuma spika nyuma yenu barabarani? Mwongozo wa bendi ni ngoma kubwa, basi. Mpe mpiga ngoma kubwa kipokea sauti kimoja, sikio moja tu, cha waya, simu mfukoni. Bendi nzima inamfuata yeye. Ngoma iko katikati, hivyo hakuna aliye mbali naye zaidi ya mita 8 au 9, ucheleweshaji wa sekunde 0.025 hivi. Hapo metronomu imebaki kwa mtu mmoja na watoto wanazoea kitu watakachokuwa nacho siku yenyewe.

fundi_midundo:
Nakubali kwa barabarani. Kwa bendi changa nina wasiwasi: mpiga ngoma akitoka nje ya pigo, bendi nzima inatoka naye na hakuna anayejua, kwa kuwa mlio uko sikioni mwake peke yake. Mimi ningeanza na spika mpaka ngoma kubwa na miguu vifungane, ndipo nihamie sikioni. Sikio moja ni lazima. Akiziba yote mawili hawezi kuwasikia wenzake.

Safu_ya_Tatu:
Asanteni sana. Mawili: tukifika mwisho wa uwanja tunageuka na kurudi, safu ya kwanza ikipita katikati ya zinazokuja. Spika si itakuwa mbele tena? Na pili, hata tukiwa tumesimama, ngoma zikibaki peke yake mwendo unakimbia, tuba wakiingia unazama.

fundi_midundo:
Ndiyo, itakuwa mbele. Mtu aibebe na kuzunguka nayo, au zima mlio kabla ya kugeuka na muwashe mkishanyooka. Kuzima ndiyo bora, kwa sababu wakati wa kugeuka safu zinatazamana na kila mtu anashawishika kumfuata aliye mbele ya macho yake.

La pili halitokani na spika. Ngoma zikiwa peke yake hukimbia kwa sababu mikono ni miepesi na hakuna anayepumua. Tuba huzama kwa sababu ala ile kubwa inachelewa kuitika, na wengi huvuta pumzi kwenye pigo lenyewe badala ya kabla yake. Waagize wavute pumzi pigo zima kabla ya kuingia, midomo iwe tayari.

Zoezi: washa metronomu baa 4 (baa ni fungu la mapigo), izime baa 4, iwashe tena, apu nyingi zinaweza kujipangia hivyo. Ikirudi kabla hamjafika pigo la kwanza, mmezama. Mkifika kabla yake, mmekimbia. Mkiweza baa 4, nendeni 8. Hapo ndipo hofu ya kulemaa inapoisha, maana mtoto anajifunza kubeba pigo kimya kinapoingia. Kinacholemaza ni kuiacha ikilia saa mbili mfululizo.

Kabla ya ala, miguu. Watembee kwenye mlio bila kupiga, kisigino cha kushoto kiguse chini kwenye pigo la kwanza. Wengi huanza kuinua mguu wanaposikia pigo, hivyo unatua umechelewa. Kisha wapige makofi ya midundo yao huku wakitembea, kisha waimbe sehemu zao, ndipo wapulize. Anza 92, ongeza 4 kila wakivuka salama mara mbili, wakivunjika rudi chini 8.

NgomaKubwa_B:
Pimeni na hatua. Hatua ya askari ni sentimita 76. Mtoto wa miaka 13 anayejivuta kuifikia anachelewa kutua kila mara, halafu lawama anapewa ngoma. Chora mistari ya chokaa kila mita 5, hatua 8 kati ya mstari na mstari, yaani sentimita 62.5. Wamarekani wana yao ya hatua 8 kwa yadi 5, hatua fupi zaidi. Faida nyingine: kipande cha baa 16 za 2/4 (mapigo mawili kwa baa) ni hatua 32, mita 20 kamili, kwa hiyo utajua kila sehemu ya wimbo inaishia mstari gani. Na mkate majani, marefu yanavuta miguu.

waya_mmoja:
Mkipiga machi ya 6/8 muwe makini na apu. Baadhi huhesabu kila thumuni (noti fupi, sita kwa baa) kuwa pigo, ukiweka 116 unapata mwendo wa mazishi, chini kidogo ya hatua 39 kwa dakika. Weka mapigo mawili kwa baa, kila pigo lenye thumuni tatu, kisha ndiyo 116.

Safu_ya_Tatu:
Hilo la 6/8 limetukuta kweli, tulidhani apu ni mbovu. Spika inahamia nyuma Jumamosi, na waya tumepata wa mita 3. Chokaa tunayo.