Naomba kufahamishwa matundu, vitufe na taa za nje za kompyuta mpakato ya chama chetu

Katibu wa Hombolo

Wanajamvi, habari za kazi. Mimi ni mama wa makamo, katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini. Chama kimenunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika ili nihamishie humo daftari la wanachama na hesabu za mizani, na mwenyekiti ameagiza kwamba katika mkutano mkuu ujao taarifa ya mavuno ionyeshwe ukutani kwa projekta ya kuazima. Kuandika barua na kujaza majedwali nilifundishwa kwenye kompyuta ya mezani, ambayo kila waya wake ulikuwa umekwishachomekwa na mtu mwingine. Kwa hiyo shida yangu haiko kwenye programu, iko kwenye chombo chenyewe kwa nje, na hiki tulichonunua hakikuja na kitabu cha maelekezo.

Upande wa kushoto kuna matundu manne yasiyofanana, na upande wa kulia kuna mengine pamoja na uwazi mmoja mwembamba. Flashi niliichomeka kwenye tundu mojawapo la kushoto, ikaingia, lakini inachezacheza na kompyuta haiioni. Safu ya juu ya kibodi ina vijipicha ambavyo baadhi vimefutika kwa kutumika. Tangu jana jioni, nilipokuwa nafuta vumbi kwenye kibodi, mshale wa kwenye kioo umegoma kusogea kabisa. Tena kuna jambo la betri: jioni nafunga kifuniko ikiwa imejaa, asubuhi nakuta imeshuka sana wakati hakuna aliyeigusa.

Nimeambiwa niipeleke kwa fundi, lakini fedha ni za wanachama na ningependa kwanza nikifahamu chombo nilichokabidhiwa. Naomba anayejua anieleze kwa utaratibu, bila haraka.

Fundi wa Majengo

Mama Katibu, shikamoo. Nitaanza na flashi, kwa sababu hapo ndipo kitu kinaweza kuharibika. Tundu ambalo flashi inaingia na kuchezacheza, kwa maelezo yako, ni la waya wa mtandao, yaani lile linalopokea kichwa cha plastiki chenye kijiulimi kinachonasa. Upana wake unakaribiana mno na upana wa kichwa cha USB, ndiyo maana flashi inakubali kuingia. Ukimulika ndani kwa tochi ya simu utaona nyaya nane nyembamba za rangi ya dhahabu zilizojipanga kama meno ya kitana. Nyaya hizo zikikandamizwa na bati la flashi hupinda, na tundu hilo halitashika mtandao tena. Ichomoe kwa kuivuta moja kwa moja, bila kuizungusha.

Tundu halisi la USB ni la mstatili, na ndani yake kuna ulimi mmoja wa plastiki uliolala upande mmoja. Flashi nayo ina plastiki yake upande mmoja, na viwili hivyo lazima vipishane. Kwa hiyo ikigoma, igeuze, usiisukume. Pembeni ya tundu tafuta alama ya shina lenye matawi matatu, moja likiishia kwenye mshale, la pili kwenye duara na la tatu kwenye mraba. Hiyo ndiyo alama ya USB popote utakapokuwa. Mara nyingi ulimi mweusi ni wa toleo la 2.0, linalopitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, na ulimi wa bluu ni wa toleo la 3.0, linalofika gigabiti 5. Rangi hazifuatwi na watengenezaji wote, hivyo herufi SS zilizoandikwa karibu na alama ni ushahidi bora zaidi wa tundu lenye kasi. Flashi yako itasomwa kwenye matundu yote mawili. Tofauti utaiona siku utakapohamisha mafaili makubwa.

Tundu la duara lenye alama ya spika za masikioni halina ugumu. Uwazi mwembamba wa kulia, kama unatosha kadi ndogo ya kamera, ni wa kusomea kadi hizo. Ukiona kitundu kidogo cha mstatili kisicho na kitu chochote ndani, mara nyingi chenye alama ya kufuli, hicho hakipokei waya wowote wa umeme. Kimewekwa kwa ajili ya kamba ya chuma inayofunga kompyuta kwenye meza ili isiibwe, na kwa mali ya chama ningeshauri mkitumie.

Sasa betri. Kwenye kompyuta nyingi, kufunga kifuniko hakuizimi kompyuta bali huilaza. Inaendelea kula umeme kidogo kidogo ili ikumbuke kazi uliyoiacha, na betri iliyochoka hushuka upesi katika hali hiyo. Itazame ikiwa imefungwa: kama kuna taa ndogo ukingoni inayowaka na kufifia polepole, basi imelala, haijazimika. Jioni izime kwa kupitia menyu, subiri taa hiyo ife kabisa, ndipo ufunge. Ni lazima ufanye hivyo hasa unapoibeba kwa bodaboda kutoka Hombolo hadi mjini, kwa sababu kompyuta iliyolala ikiamka ndani ya begi hupata joto bila pa kulitolea, na kama ina diski ya kuzunguka, mitikisiko ya barabara itaiumiza ikiwa inafanya kazi.

Kitufe cha kuwashia hubonyezwa mara moja na kuachiwa. Kukikandamiza kwa sekunde kumi hivi huikata kompyuta umeme kwa nguvu, na chochote ambacho hujakihifadhi hupotea. Hiyo ni njia ya dharura, kwa kompyuta iliyoganda tu.

Kijana wa Nzuguni

Shikamoo mama. Kuhusu mshale uliogoma, kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa fundi, tafuta kwenye safu ya F1 hadi F12 kijipicha cha kisanduku chenye mistari miwili midogo chini yake, pengine kikiwa kimekatwa kwa mstari. Hicho ni kitufe cha kuzima na kuwasha tachipadi, lile eneo laini la kugusa mbele ya kibodi. Ni rahisi kubonyezwa na kitambaa wakati wa kufuta vumbi. Kibonyeze tena, kisipofanya kazi, shikilia kwanza kitufe cha Fn kilichopo chini kushoto kisha ukibonyeze. Kwenye aina nyingine hakuna kitufe, bali kuna kidoa kwenye kona ya juu kushoto ya tachipadi yenyewe ambacho hugongwa mara mbili kwa kidole.

Hicho Fn ndicho ufunguo wa safu yote ya juu. Kila kitufe cha safu hiyo kina kazi mbili, ile ya F na ile ya kijipicha, na Fn ndicho kinachobadilisha. Kwenye baadhi ya kompyuta kijipicha hufanya kazi moja kwa moja na Fn huleta kazi ya F, kwenye nyingine ni kinyume chake. Jua dogo na jua kubwa ni mwanga wa kioo, kupunguza na kuongeza. Spika yenye mawimbi ni sauti. Ndege ni kitufe cha kuangalia kwa makini, kwa sababu kikibonyezwa hukata waifai na Bluetooth kwa pamoja, na watu wengi huidhania kompyuta imeharibika mtandao.

Vijipicha vilivyofutika usivikisie vyote kwa siku moja. Jaribu kimoja, tazama kinachobadilika kwenye kioo, kibonyeze tena kirudi kama kilivyokuwa, kisha andika kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa kinachofuata. Ukishafika F12 utakuwa na kitabu cha maelekezo cha kompyuta yako mwenyewe.

Mwalimu wa Kondoa

Katibu, hongera kwa kazi. Mimi natumia projekta darasani, kwa hiyo nitazungumzia mkutano wenu.

Projekta ya kuazima inaweza kuja na waya wa aina mbili. Wa kwanza ni wa VGA, ambao kichwa chake ni kipana, mara nyingi cha bluu, chenye sindano 15 katika safu tatu na skrubu mbili za kukaza pembeni. Huo ni wa zamani, umekuwapo tangu mwaka 1987, na bado uko kwenye projekta nyingi za shule na ofisi za kata. Wa pili ni wa HDMI, kichwa chake ni bapa na kona zake za chini zimekatwa mshazari. Tofauti kubwa kati yao ni kwamba HDMI hubeba picha na sauti, VGA hubeba picha peke yake. Kwa taarifa ya mavuno sauti haihitajiki, lakini mkitaka kuonyesha video yenye maelezo kwa VGA mtahitaji spika ya pembeni.

Tafadhali nenda ukaione projekta siku kadhaa kabla, ukiwa na kompyuta mkononi, ulinganishe matundu ya kila upande. Kama kompyuta ina HDMI tu na projekta ina VGA tu, mtahitaji adapta. Muuzaji aelezwe wazi kwamba picha inatoka kwenye HDMI kwenda kwenye VGA, kwa sababu adapta hizo hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja na ya kinyume haitawasaidia. Sindano za VGA zitazame kabla ya kuchomeka. Ikiwapo iliyolala, usilazimishe. Skrubu zake kaza kwa vidole tu.

Ukishachomeka, shikilia kitufe chenye alama ya Windows na ubonyeze P. Yatatokea machaguo manne pembeni mwa kioo. Chagua la pili, linaloonyesha kitu kilekile kwenye kioo chako na ukutani. La tatu huwachanganya wengi, maana hufanya ukuta kuwa sehemu ya ziada ya meza yako, ukaonekana mtupu wakati taarifa iko mbele yako.

Mhasibu wa Singida

Nimesoma yote na sina la kupinga, ila nasikitika kwamba hakuna aliyegusa matundu ya hewa, na sisi wa kanda hii ya kati tunaishi na upepo na vumbi karibu kiangazi chote. Pindua kompyuta ikiwa imezimwa. Chini utaona vijitundu vingi au mistari iliyokatwa, hapo ndipo feni huvutia hewa baridi. Ubavuni au nyuma kuna mingine, na hapo hewa ya moto hutokea. Ukiiweka kompyuta juu ya kitanda, kanga au mapajani, unaziba mlango wa kuingilia, na feni hulia kwa nguvu huku kazi ikizidi kuwa nzito. Iweke juu ya meza au ubao mgumu.

Vumbi lisafishwe kwa brashi laini kavu. Wapo wanaopuliza kwa mdomo, lakini pumzi ina unyevu na mate, na vumbi lililolowa hugandamana ndani. Wanaotumia pampu ya upepo ya gereji wanaikosea zaidi, kwa kuwa nguvu yake huweza kuizungusha feni kupita kiasi na kuivunja. Kibodi ifutwe kompyuta ikiwa imezimwa, kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa. Hivyo hutagusa kitufe chochote bila kujua.

Na kifuniko kifunguliwe kwa kushika katikati ya ukingo wa juu. Kukishika kona moja kila siku hulegeza bawaba za upande mmoja, na bawaba zikilegea hupasua plastiki iliyozishika.

Katibu wa Hombolo

Wanangu na ndugu zangu, nashukuru sana. Kijipicha cha tachipadi kilikuwa kwenye F9, nimekibonyeza pamoja na Fn na mshale umerudi. Flashi nimeihamishia kwenye tundu lenye alama ya matawi matatu na inasomwa vizuri. Tundu la bluu la VGA ninalo, ila kitundu cha HDMI nimekipata upande wa pili. Nyaya nane za tundu la mtandao nimezimulika, zote ziko sawa.

Limebaki jambo moja. Waya wa chaja umechunika karibu na ncha, na dukani mjini nimeonyeshwa chaja nyingine. Chini ya kompyuta pameandikwa 19.5V na 3.33A. Kwenye chaja ya dukani pameandikwa 19.5V na 4.62A. Muuzaji anasema ni sawa, lakini mimi naona namba ya pili imezidi na naogopa kuiunguza kompyuta ya watu.

Fundi wa Majengo

Mama, muuzaji amesema kweli. Namba yenye V ni msukumo wa umeme, na hiyo lazima ilingane na ya kwenye kompyuta. Namba yenye A ni kiasi ambacho chaja ina uwezo wa kutoa, na kompyuta huchukua kile inachohitaji tu. Ukizidisha namba hizo, ya kwako ni wati 65 na ya dukani ni wati 90, kwa hiyo itafanya kazi yake bila kuchemka. Ya kuikataa ingekuwa yenye A pungufu, kwa kuwa ingelazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake.

Kagua mambo mawili kabla ya kulipa. Karibu na namba hizo kuna mchoro wa duara lenye nukta katikati, na nukta hiyo imeunganishwa kwa mstari na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Mchoro wa chaja ufanane na ule wa chini ya kompyuta. Kisha itazame ncha yenyewe. Iingie bila kulazimishwa na bila kulegea, na kama katikati yake kuna sindano nyembamba, iwe imesimama wima, kwa sababu katika baadhi ya aina sindano hiyo ndiyo inayoijulisha kompyuta chaja ni ya wati ngapi, na ikipinda kompyuta huwaka lakini betri haijai. Nenda na kompyuta dukani, uichomeke palepale, na usubiri hadi taa ya kando ya tundu la chaji iwake na alama ya betri kwenye kioo ionyeshe kwamba inajaza. Chaja iliyochunika usiendelee kuitumia hata kwa siku hizi chache.