Nywele zinazonyonyoka wakati wa kutumia dawa za kupunguza uzito: kuacha dawa, kupunguza kasi, au kupaka minoksidili?

Tegemeo (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi,

Ninatumia sindano ya semaglutaidi ya mara moja kwa wiki kwa ajili ya kupunguza uzito, na uzito umeshuka kwa kasi kuliko nilivyotarajia. Sasa nywele zinanyonyoka kichwa kizima, wala si sehemu moja tu, na kila ninapoziosha au kuzichana zinabaki nyingi mkononi. Daktari amenieleza kwamba huenda hali hii ni ya muda, akaniachia nafasi ya kutafakari kabla ya miadi ijayo. Nimekwisha kupendekezewa kuacha dawa kabisa, kubaki kwenye dozi niliyopo bila kuipandisha, kuongeza protini na kupima damu, kupaka minoksidili (dawa ya kuotesha nywele), na kumeza vidonge vya biotini (vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele). Ningeomba wenye ujuzi au waliopitia hali hii wanisaidie kulinganisha njia hizi, hasa kubainisha ipi inabadilisha jambo kwa kweli na ipi inautuliza moyo tu.

Kinu na Mchi

Ndugu Tegemeo, pole. Nimefanya kazi ya famasia kwa muda mrefu, na swali hili huletwa dirishani mara nyingi zaidi tangu sindano hizi zilipoenea. Kabla ya kulinganisha chochote, tuweke kwanza suala la wakati, kwa sababu ndilo linalopotosha ulinganisho mwingi.

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha huingia katika kipindi cha mapumziko cha takriban miezi 3, halafu hudondoka ili mwingine uote mahali pake. Kwa kawaida asilimia 85 hadi 90 ya nywele za kichwani huwa katika kukua, na mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila hata kuziona. Mwili unapopata mshtuko, kama vile homa kali, kujifungua, upasuaji mkubwa au kupungua uzito kwa haraka, nywele nyingi husimama kukua kwa pamoja na kuingia mapumzikoni, nazo huanza kudondoka miezi 2 hadi 3 baadaye. Madaktari huita hali hiyo telojeni efluviamu. Mzizi wenyewe huwa haujafa, na ndiyo maana nywele hurudi.

Maana yake ni kwamba nywele unazoziona mkononi leo zilikwisha kuachiliwa zamani, na hakuna dawa utakayoinywa jioni hii itakayozirudisha. Watu wengi huanza kumeza kitu wakati unyonyokaji umefika kileleni, hali inaisha yenyewe kama ambavyo ingeisha vyovyote vile, na sifa zote zinakwenda kwa kopo la vidonge. Kwa hiyo kila njia uliyoitaja ningeiuliza swali hili: kama inafanya kazi, matokeo yake yangeonekana mwezi gani?

Kuhusu ukubwa wa tatizo, maelezo rasmi ya Wegovy, ambayo ni semaglutaidi, yanaonyesha kwamba nywele zilinyonyoka kwa asilimia 3 ya watu wazima waliotumia dawa katika majaribio, dhidi ya asilimia 1 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Kwa Zepbound, ambayo ni tirzepataidi, kiwango ni asilimia 4 hadi 5 dhidi ya 1, na tofauti kati ya jinsia ni kubwa sana: asilimia 7.1 ya wanawake na asilimia 0.5 ya wanaume. Maelezo hayo ya Zepbound yanalihusisha jambo hili na kupungua kwa uzito kwenyewe. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili wapungue hukumbwa na hali hiyohiyo, ilhali hawajachomwa sindano yoyote kati ya hizi.

Tausi

Nakubaliana na Kinu na Mchi, na ningependa kuanza na njia ya kuacha dawa, kwa kuwa ndiyo iliyonijia haraka kuliko zote nilipopatwa na hali hii.

Kuacha hakusaidii nywele zilizokwisha kuingia mapumzikoni. Hizo zitadondoka tu. Isitoshe, gharama yake kiafya inajulikana. Washiriki wa STEP 1, jaribio la semaglutaidi kwa kupunguza uzito, walipofuatiliwa baada ya kuacha dawa, walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtu anayetumia dawa hizi kwa ajili ya kisukari, kuacha kiholela kunagusa pia sukari ya damu, na hapo suala la nywele linakuwa dogo. Sisemi kwamba hakuna anayepaswa kuacha. Nasema kwamba nywele peke yake ni sababu dhaifu, isipokuwa labda zikikuumiza kiasi cha kukukosesha usingizi, na hilo nalo daktari anapaswa kulisikia bila kulidharau.

Kubaki kwenye dozi uliyopo ni jambo tofauti kabisa. Ratiba ya kawaida ya Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kisha 0.5, 1, 1.7 na 2.4, kila ngazi ikikaa wiki 4. Ratiba hiyo si sheria ya kijeshi. Mgonjwa anayepungua vizuri akiwa kwenye ngazi ya chini anaweza kumwomba daktari amwache hapo kwa muda zaidi, na daktari wangu alikubali bila ubishi. Kwa kipimo cha Kinu na Mchi, faida ya njia hii huonekana baada ya miezi 3 hivi, kwa kuwa inalinda nywele ambazo bado zinakua.

Mzani

Samahani, dada Tausi, hapo tunatofautiana kidogo. Dozi ni nusu ya habari. Kuna watu wanaokaa kwenye dozi ndogo lakini hawali karibu chochote, kwa kuwa hamu ya chakula imekatika na kichefuchefu kinawazuia, nao hunyonyoka nywele vilevile. Nywele hutengenezwa kwa protini, na mwili wenye njaa huhudumia moyo na misuli kabla ya kufikiria nywele.

Kwa hiyo mimi ningeweka chakula na vipimo mbele ya yote. Wataalamu wa lishe wanaohudumia waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hulenga angalau gramu 60 za protini kwa siku, na huweza kufika gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa kimo cha mtu. Kwa anayeshiba baada ya matonge machache, namna rahisi ni kuanza na sehemu ya protini kwenye sahani kabla ya kugusa wanga. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

Kuhusu damu, usiridhike na kuambiwa kwamba wingi wa damu uko sawa. Hemoglobini inaweza kuwa ya kawaida huku akiba ya madini ya chuma, inayopimwa kwa feritini, ikiwa imekauka, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Omba pia kipimo cha homoni za tezi dundumio (tezi iliyo shingoni), kwa sababu tezi hiyo ikilegea au ikizidisha kazi, nywele hunyonyoka kwa namna inayofanana kabisa na hii. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha. Chuma kikizidi mwilini hudhuru ini na viungo vingine.

Kinu na Mchi

Mzani ametaja tezi, nami niunganishe hapohapo na biotini, kwa kuwa hizi mbili hugongana.

Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 za biotini kwa siku, na upungufu wake ni nadra. Vidonge vya nywele huwa na maikrogramu 5,000 au 10,000. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, kikiwamo kile cha troponini kinachotumika kutambua shambulio la moyo. Vipimo vya tezi dundumio navyo huweza kutoa picha ya uongo. Hivyo mgonjwa anayemeza biotini huku akitafuta chanzo cha nywele kunyonyoka anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa tezi asio nao. Anayeimeza aiache angalau siku 2 kabla ya kupimwa tezi, na amjulishe anayemtoa damu. Vidonge mchanganyiko vina hatari ya ziada ambayo wauzaji hawaitaji: vitamini A ikizidi, na seleniamu ikizidi, zenyewe hunyonyoa nywele.

Minoksidili ina ushahidi mzuri zaidi, ila ushahidi huo umejengwa juu ya tatizo lingine. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na Marekani ikaidhinisha ya kupaka kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991, kwa ajili ya upara wa kurithi. Katika wiki za mwanzo huweza kuongeza unyonyokaji, jambo ambalo mtu aliyekwisha kuogopa hulipokea vibaya sana. Ukiiacha, nywele ilizozishikilia hupotea ndani ya miezi michache. Haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Na wenye paka wajihadhari: hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mto wa kulalia ni sumu kwa mnyama huyo.

Kwa hali ya muda ambayo itaisha yenyewe, sioni sababu ya kujifunga kwenye dawa ya kila siku.

Shungi

Kwa heshima, mlango wa minoksidili umefungwa mapema mno. Kuna watu ambao kupungua uzito kumefichua tu kitu kilichokuwa kikija taratibu. Ukiona njia inayogawa nywele katikati ya kichwa inapanuka, wakati pembeni na kisogoni nywele ziko imara, na mama au shangazi zako walipitia hayo, kusubiri peke yake kunaweza kukupotezea muda ambao dawa ingekufaa. Hilo liamuliwe na daktari wa ngozi, kwa kukagua kichwa chenyewe. Mtu mwenye mabaka yasiyo na nywele kabisa, kuwashwa, maumivu, au ngozi iliyogeuka laini kama kovu, naye asisubiri, kwa kuwa hayo hayafanani na hali tunayoizungumzia.

Niongeze jambo ambalo halikuwamo katika maswali yako. Kufupisha nywele, kulegeza misuko na kuacha pasi ya moto hakuzuii unywele uliokwisha kulala usidondoke, lakini hupunguza kukatika kwa zile zilizobaki, na nywele fupi huonekana nzito zaidi. Kati ya yote yaliyotajwa humu, hilo ndilo lenye matokeo siku hiyohiyo.

Tegemeo (mwanzisha mada)

Ninawashukuru sana. Nitamwomba daktari tusipandishe dozi kwa sasa, nipimwe feritini na tezi, na biotini nimeiweka kando kuanzia leo. Minoksidili nitaizungumza na daktari wa ngozi, kwa kuwa aliyosema Shungi kuhusu ukoo yananigusa. Swali langu la mwisho: nitajuaje kwamba hali inageuka, ikiwa nywele zitaendelea kudondoka kwa muda hata nikifanya yote sawasawa?

Tausi

Usihesabu nywele za kila siku, zitakutia wazimu. Piga picha ya njia ya kati na ya paji la uso mara moja kwa mwezi, mahali pamoja na kwa mwanga uleule. Dalili njema ya kwanza ni vinywele vifupi vinavyosimama kwenye ukingo wa paji, na mara nyingi huonekana kabla unyonyokaji haujakoma. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ujazo wa zamani, hasa kwa nywele ndefu, huchukua muda mrefu zaidi kurudi kuliko unyonyokaji ulivyodumu.

Kinu na Mchi

Kwa kawaida unyonyokaji wa namna hii hutulia ndani ya miezi 6 tangu ulipoanza, mradi chanzo chake hakiendelei. Ukipita hapo, au uzito ukiwa bado unaporomoka kwa kasi ileile, rudi hospitali na picha zako za kila mwezi pamoja na orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwamo zile za shinikizo la damu na za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa baadhi yake nazo hunyonyoa nywele.