Ushauri: viwanja vimekaa upande kwenye QGIS (programu ya ramani), navizungushaje bila kuharibu mipaka?

Mchoraji_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Nina mchoro wa viwanja 64 vya urasimishaji hapa Morogoro. Vilipimwa kwa futikamba na dira, mimi nikavichora QGIS. Nilipoweka picha ya satelaiti chini yake, mtaa wote umekaa upande, barabara inapita juu ya nyumba za watu. Nikatumia zana ya Rotate kwenye menyu ya Processing, nikaandika digrii 3. Kila kiwanja kikazunguka peke yake! Huku vimepandana, kule mianya. Wananchi wanasubiri kuuona mchoro huu, na sitaki ardhi ya mtu iingie kwa jirani kwa mkono wangu.

Kijana_Ramani:
Mkuu, chini ya dirisha kuna sehemu ya Rotation. Andika digrii hapo, umemaliza.

Dada_Leya:
Hapana mdogo wangu, hiyo inageuza mtazamo tu. Kodineti, yaani namba za mahali, hazisogei hata sentimita.

Bikoni_ya_Zege:
Mchoraji, tulia. Leya yako ya awali, yaani tabaka la viwanja, ni salama, Processing imekutolea leya mpya. Usipoipa nukta ya egemeo, Rotate inazungusha kila umbo kwenye kitovu chake, ndiyo maana vimetawanyika. Ipe nukta moja, mtaa utazunguka kama kitu kimoja.

Ila hizo digrii 3 umezitoa wapi? Kama ni kwa macho, acha. Tafuta bikoni mbili (alama za upimaji ardhini) zilizo mbali, zenye kodineti za uhakika. Pima uelekeo wa mstari kati yake kwenye mchoro (digrii kutoka kaskazini), kisha uelekeo wa kweli. Toa wa mchoro kutoka kwa wa kweli. Mfano, mchoro ukisema 47.2 na ardhi ikasema 43.9, andika -3.3, maana QGIS inahesabu kwa mwendo wa saa. Kwenye mstari wa mita 180, hizo ni zaidi ya mita 10 za kuhama. Egemeo liwe mojawapo ya bikoni hizo, baada ya kuusogeza mchoro ikae mahali pake.

Na tafadhali usichukue kodineti hizo kwa GPS ya simu. Ikikosea mita 4 kwenye mita 180, tayari umeongeza kosa la zaidi ya digrii moja.

Dada_Leya:
Naongezea: hakikisha leya na bikoni zote ziko kwenye mfumo mmoja wa kodineti, WGS 84 UTM kanda 37 Kusini, yaani EPSG 32737. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye mfumo mwingine, Arc 1960, na hapo tofauti ni takriban mita 300. Hilo ni la kubadilisha mfumo, kuzungusha hakulitibu.

Mchoraji_Moro:
Asanteni sana. Nimepata kodineti za bikoni mbili za upimaji wa zamani, zilikuwa Arc 1960 kweli, nimezibadilisha. Pembe imetoka -2.6, si 3, na hata upande wa kuzungusha nilikuwa nimekosea. Barabara sasa imekaa barabarani.

Bikoni_ya_Zege:
Safi. Una bikoni ya tatu ambayo hukuitumia kwenye hesabu, ya kuhakikishia?

Mchoraji_Moro:
Ipo, karibu na kisima. Kesho asubuhi naenda kuipima na mwenye total station, kile kifaa cha upimaji. Mchoro hautoki kwangu kabla ya hapo.