Programu inafanya kazi kwenye terminali, kron ikiiendesha inapoteza .env. Naomba ushauri

Fundi_Kodi:
Wadau, hamjambo. Nina programu ndogo ya Node (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) niliyomwandikia mama mmoja mwenye ploti hapa Umoja. Kila siku saa kumi na mbili jioni inamtumia barua pepe yenye orodha ya wapangaji waliolipa kodi. Nikiiendesha mwenyewe kwenye terminali ya VS Code, barua inafika. Kron, ile ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, ikiiendesha, neno la siri la barua pepe linasomeka undefined (halina thamani), kana kwamba faili ya .env ninamoliweka haipo. Nayo ipo, naiona kwa macho yangu kando ya tuma.js!

Mstari wangu wa kron ni huu:

0 18 * * * /usr/bin/node /home/fundi/kodi/tuma.js

Mama amekaa siku nne bila orodha na jana amenipigia mara mbili. Tafadhali nisaidieni.

MamaSeva:
Pole, kaka. Hiyo programu huwa inaandika faili nyingine yoyote?

Fundi_Kodi:
Ndiyo dada, kumbukumbu.txt. Lakini tangu Jumatatu haijaongezeka hata mstari.

MamaSeva:
Hebu angalia /home/fundi/kumbukumbu.txt, nje ya folda ya kodi.

Fundi_Kodi:
Lo! Ipo. Mistari minne, yote ya saa kumi na mbili jioni. Imefikaje huko?

MamaSeva:
Kron huianzisha kazi yako ikiwa imesimama kwenye folda yako ya nyumbani, haijali tuma.js imelala wapi. Ukiandika 'kumbukumbu.txt' bila njia kamili, Node inaanza kuhesabu pale iliposimama. Ni kama kumwambia mgeni ashuke steji ya tatu: aliyepandia Tom Mboya na aliyepandia Donholm hawatashukia mahali pamoja. VS Code ilikuficha hilo kwa sababu terminali yake hufunguka ndani ya folda ya mradi. Na dotenv, kifurushi kinachoisoma .env, huitafuta hapo hapo process.cwd() inapoelekeza, yaani folda programu iliposimama. Ikiikosa haisimamishi programu, inaendelea tu.

Usingoje jioni ndipo ujaribu. Andika cd / halafu node /home/fundi/kodi/tuma.js. Kosa litatokea mbele yako.

Jirani_wa_Linux:
Dawa ya haraka: weka cd /home/fundi/kodi && kabla ya /usr/bin/node kwenye ule mstari wa kron. Dakika moja umemaliza.

MamaSeva:
Leo itamfaa, Jirani. Ila akiihamishia systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kesho, huduma ya mfumo huanzia kwenye / asipoweka WorkingDirectory, yaani folda ya kuanzia, na tatizo ni lile lile. Mimi ningerekebisha ndani ya programu yenyewe: path.join(__dirname, '.env'), na kumbukumbu.txt vivyo hivyo. __dirname ni folda ya faili yenyewe ya programu, popote inapoanzishwa. Kama unatumia import badala ya require, __dirname haipo. Tumia import.meta.dirname, ipo kuanzia Node 20.11.

Fundi_Kodi:
Nimeelewa. Lakini mbona git, ile ya kutunza matoleo ya msimbo, haisumbuki? Naiita nikiwa folda yoyote ya ndani, inaujua mradi.

Jirani_wa_Linux:
Git hupanda. Ikikosa .git hapo ulipo inaangalia folda ya juu, kisha ya juu yake, mpaka iipate. Ukitaka kujua imefika wapi, andika git rev-parse --show-toplevel. Npm, ya kusakinisha vifurushi vya Node, nayo hupanda ikitafuta package.json (orodha ya vifurushi vya mradi), na hapo kuwa mwangalifu sana. Ukiwa na package.json iliyosahaulika kwenye folda ya nyumbani, ukaandika npm install ndani ya folda mpya isiyo na yake, vifurushi vitaenda kukaa huko juu. Niliwahi kupoteza Jumamosi nzima nikitafuta vilikokwenda.

Fundi_Kodi:
Nimetumia __dirname kwa faili zote mbili, nikajaribu kutoka / na barua ikatoka. Kron nayo imetuma jioni hii, mama amejibu "nimeona". Ile mistari minne nimeihamishia kwenye kumbukumbu.txt ya mradi. Na Jirani, nimechungulia folda yangu ya nyumbani: package.json ipo, na node_modules (folda ya vifurushi) kando yake. Naifuta sasa hivi.

Jirani_wa_Linux:
Isome kwanza kabla hujaifuta. Huenda kuna mradi wako mwingine unaokula humo.