Naomba ushauri: nirudi kazini au nibaki na watoto?

Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 3, mdogo ndiyo kwanza katimiza miezi 6. Likizo ya uzazi, pamoja na ile niliyoongezewa bila malipo, inaisha na mwajiri anataka jibu. Nikipiga hesabu, mshahara ukitoa malipo ya dada wa kazi na nauli, kinachobaki ni kidogo mno. Mume wangu anasema nibaki nyumbani, atatubeba. Namwamini, lakini kazi hii niliisotea miaka, na kuomba hela ya kila kitu sijazoea. Halafu mdogo hataki chupa kabisa, akilia moyo unanikatika. Mlioacha kazi, mliweza kurudi baadaye? Na mliorudi, mtoto alizoea baada ya muda gani?